Riwaya za Ajabu na Wasomaji wa Mafia

Riwaya za ajabu, zile zenye majini, nchi zisizo kwenye ramani, wafu wanaorudi na vyombo vinavyoruka hadi nje ya dunia, ziliwafikia wasomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya ngano, tenzi na habari za mizimu, ambayo ni kongwe kuliko kitabu chochote kilichopigwa chapa. Ya pili ni ya shule, wafasiri na wachapishaji, ambayo ni changa zaidi. Mafia, kisiwa kinachotazamana na delta ya Rufiji, kimezipitia njia zote mbili. Kina magofu ambayo watu huyasimulia kama hekaya, kilikuwa uwanja wa ndege za vita kabla miji mingi ya Afrika haijawahi kuona ndege, na mwaka 1971 kiliwekwa katika kundi la wilaya za kwanza Tanzania kutakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma.

Kua na Kisimani: kabla ya chapa

Magofu ya Kua yamo katika kisiwa cha Juani, kusini-mashariki ya kisiwa kikuu. Kuta za jumba la watawala, misikiti na makaburi bado zimesimama kati ya mibuyu na vichaka. Mshindani wake wa kale, Kisimani, ulikuwa upande wa magharibi, katika rasi ambayo bahari imeila kiasi kwamba sehemu kubwa ya mji haipo tena.

Kisa cha miji hiyo miwili kimesimuliwa Mafia kwa vizazi. Watu wa Kisimani walijenga merikebu. Siku ya kuishusha majini wakawaalika watu wa Kua, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga na kuwalaza ufukweni, na chombo kikaburutwa juu ya miili yao. Watu wa Kua hawakulipiza papo hapo. Walisubiri miaka mingi hadi Kisimani ikaamini kwamba yamesahauliwa. Wakajenga chumba chini ya ardhi, wakaandaa harusi na kuwaita jirani zao. Wageni wakashuka, wakaketi, wakala. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, na masimulizi mengine yanasema alibaki mzee mmoja tu wa kuwachangamsha wageni, aliyekubali kufa nao. Mlango ukazibwa kwa mawe.

Hakuna jini katika kisa hiki, lakini kinamshika msikilizaji kama hekaya yoyote kubwa, kwa sababu kinatembea kwa utulivu hadi kwenye jambo lisilosemeka. Ukweli wake hauthibitishwi na nyaraka. Mwisho wa Kua ulio na ushahidi zaidi ni mashambulizi ya Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) mwanzoni mwa karne ya 19, ambapo watu wengi walichukuliwa utumwani na mji ukahamwa. Hata hivyo kisa cha chumba kilichozibwa ndicho kinachokumbukwa zaidi, na anayekisimulia ana kuta za kumwonyesha anayekisikiliza.

Kisa cha namna hii kilisimama jirani na imani za kila siku. Pat Caplan, mwanaanthropolojia kutoka London aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kaskazini ya Mafia, mwaka 1965, alikuta watu wakiishi na pepo wa nchi kavu na pepo wa baharini, kila kundi likiwa na waganga, ngoma na masharti yake. Jini hapo hakuwa mhusika wa kubuni. Alikuwa jirani mwenye madai yake, na aliyeugua aliweza kuambiwa ni nani amemkalia na anataka nini.

Ngano zilikuwa na mahali pake tofauti. Msimulizi alipoita "Paukwa" na watu wakaitika "Pakawa", wote walijua kwamba wameingia katika ulimwengu mwingine, ambamo sungura anasema na sultani anamwoza binti yake kwa masikini. Tenzi zilikaa katikati. Chuo cha Herekali, alichokitunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, kinasimulia vita vya dini kwa ukubwa usio wa kibinadamu, na tenzi nyingine zilizosomwa Pwani zimejaa mashujaa wanaopambana na majitu na mashetani. Ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu na kusomwa kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo hata asiyejua herufi alishiriki. Uwezo wa kutofautisha habari, ibada na ngano, na kujua kila moja inasikilizwaje, ndio urithi ambao wasomaji wa riwaya waliupata baadaye.

1863 hadi 1915: puto na ndege

Wakati Pwani ikisoma tenzi zake, Ulaya ilikuwa inaanza kuandika riwaya za kisayansi, na mojawapo ya za mwanzo ilianzia Unguja. Mwaka 1863 Jules Verne wa Ufaransa alichapisha riwaya kuhusu Dakta Samuel Fergusson na wenzake wawili wanaopanda puto liitwalo Victoria, wanaruka kutoka kisiwa kidogo karibu na Unguja na kuvuka bara zima hadi Senegali. Verne hakuwahi kufika Unguja. Alitumia maandishi ya wasafiri kama Burton na Speke, akaongeza hesabu za gesi na uzito, na fani mpya ikapata umbo: ajabu inayoelezwa kwa vipimo. Watu wa Pwani wanaonekana humo kutoka juu tu, wakikikasirikia chombo kinachopita angani. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla riwaya ya Kiswahili haijamweka Mwafrika ndani ya chombo chenyewe.

Mwaka 1890 Mafia ilitoka katika himaya ya Sultani wa Zanzibar na kuingia chini ya Wajerumani, ambao makao yao kisiwani yalikuwa Chole. Shule zao za Pwani, zilizoanza Tanga mwaka 1892, zilifundisha Kiswahili kwa hati ya Kilatini kwa ajili ya kupata makarani. Hapo msomaji wa aina mpya alianza kutengenezwa: mtu anayesoma peke yake, kimya, maandishi yasiyo ya dini.

Kisha ikaja vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya Rufiji mwishoni mwa 1914. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakatengeneza uwanja na kuleta ndege. Tarehe 6 na 11 Julai ndege hizo ziliruka kutoka kisiwani, zikavuka mlango wa bahari na kuzunguka juu ya mikoko, zikiwaelekeza wapiga mizinga wa meli mbili, Severn na Mersey, wasioweza kuiona shabaha yao. Siku ya pili ndege moja ilipigwa ikaanguka mtoni, na wanahewa wake wakapona. Königsberg iliteketea.

Miaka saba tu kabla ya hapo, mwaka 1908, H. G. Wells wa Uingereza alikuwa amechapisha riwaya kuhusu vita vya angani kama jambo la kutisha linalokuja. Watu wa Mafia waliliona jambo lenyewe kabla ya kusoma riwaya yoyote ya namna hiyo. Hali hii inaeleza mengi kuhusu fasihi iliyofuata. Kwa msomaji wa London mashine ilikuwa ndoto iliyotoka ndani ya jamii yake. Kwa mkazi wa Mafia ilishuka ikiwa tayari imekamilika, mikononi mwa watawala wanaopigana wao kwa wao, na haikumwachia nafasi ya kuibuni.

1923 hadi 1940: rafu ya wafasiri

Baada ya vita Mafia iliwekwa pamoja na Tanganyika chini ya Uingereza. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, likibeba habari, mashairi na hadithi hadi visiwani. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Shule zilihitaji vitabu vya kusoma, na wafasiri wakavitafuta katika rafu walizozijua wao tangu utotoni.

Ndani ya miaka michache zikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard, Kisiwa chenye Hazina ya Stevenson, hadithi za Maugli za Kipling na safari za Gulliver, pamoja na Alfu Lela Ulela, ambayo Johnson aliitoa kwa Kiswahili akishirikiana na Edwin Brenn. Mwaka 1940 ikafuata Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Lewis Carroll iliyofanywa na St Lo de Malet.

Vitabu hivi vilifupishwa, na lugha yake mara nyingine ina ukavu wa ofisi. Vilipendwa hata hivyo. Alfu Lela Ulela ilipokewa kwa wepesi kuliko vyote, kwa kuwa Sindbadi na majini wake walikuwa tayari wanajulikana Pwani kwa masimulizi. Gulliver naye aliingia bila shida, maana msafiri anayetupwa na bahari katika nchi ya majitu alikuwa na ndugu wengi katika ngano. Kilichokosekana ni upande wa sayansi. Vitabu maarufu vya kundi hili vilikuwa vya safari, hazina na wanyama. Havikuwa vya mashine wala nyota. Kizazi cha kwanza cha wasomaji wa Kiswahili sanifu kilijifunza kwamba ajabu iko katika nchi za mbali na zamani, si katika wakati ujao. Uchaguzi wa watu wachache, uliofanywa kwa mahitaji ya darasani, ulidumu kwa miongo.

1951 hadi 1968: Shaaban Robert na Bwana Msa

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alichukua ajabu ya tenzi na ya Alfu Lela Ulela akaifanyisha kazi mpya. Kusadikika ilitoka mwaka 1951. Nchi yake imening'inia angani, na mtu anayeitwa Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Kujitetea kwake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wanne kwenye pembe za dunia, mmoja juu na mmoja chini, ambao kila mmoja alirudi na maarifa akatiwa gerezani. Msomaji wa Tanganyika ya wakoloni hakuhitaji kuelezwa ni mahakama gani inayosemwa.

Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, imejengwa juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rajabu, anafika kwa Adili, liwali mwema kupita wote, na usiku anamwona akiwapiga mijeledi manyani wawili waliofungwa. Manyani hao ni ndugu zake, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya husuda yao, naye Adili ameamriwa awapige kila usiku, la sivyo adhabu itamrudia mwenyewe. Hapa ndipo ufundi wa Shaaban Robert unapoonekana vizuri zaidi. Jini ameshamaliza kazi yake; kinachobaki na kuumiza ni mkono wa mtu mpole unaolazimika kushika mjeledi. Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967 baada ya kifo chake, iliendeleza nchi hizi za mawazo.

Unguja ilikuwa inakwenda upande mwingine. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanza na kifo kwenye mzimu ambao watu wanauogopa. Mpelelezi Bwana Msa, mwenye kiko na subira, anaondoa hofu hiyo hatua kwa hatua hadi anapatikana muuaji wa damu na nyama. Riwaya hiyo ilileta swali ambalo ngano haikuliuliza: je, mzimu ni kweli, au kuna anayenufaika watu wakiuamini? Mwandishi alirudi kwenye uwanja huohuo katika Kisima cha Giningi mwaka 1968.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1960 msomaji wa Kiswahili alikuwa na funguo mbili. Kwa Shaaban Robert ajabu ilisomwa kama fumbo la utawala na maadili. Kwa Abdulla ilisomwa kama kitendawili cha kuteguliwa kwa akili. Katika kijiji kama Kanga, ambako pepo walikuwa na ngoma zao, ufunguo wa pili ulikuwa mgumu zaidi kuutumia.

1971: Mafia darasani

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wazima wengi wa Mafia walikuwa bado nje ya vitabu hivi. Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kukaribisha mwaka 1971, alitaja wilaya sita ambazo zingefuta kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka kwisha. Mafia ilikuwa mojawapo, na Ukerewe pia. Kampeni ikaenea nchi nzima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza.

Vitabu vya kisomo vilikuwa vya kilimo, uvuvi, afya na siasa. Vilikuwa na lengo la manufaa, na manufaa hayo yalikuwa ya kweli, lakini havikuwa na nafasi ya nchi iliyo angani. Fasihi ya Azimio la Arusha na siasa yake ya Ujamaa nayo ilidai kijiji, mkulima na kabaila wanaotambulika. Riwaya ya ajabu ilipungua, na ajabu ikahamia jukwaani. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa ameandika Kinjeketile mwaka 1969, ambamo pepo Hongo anampanda mtu katika nchi ya Rufiji, mkabala na Mafia, na maji yanaahidiwa kushinda risasi. Mwaka 1971 akatoa Mashetani, ambamo vijana wawili wanacheza mchezo wa shetani na binadamu hadi mmoja wao anaugua kweli. Tamthilia hizo hazimcheki anayeamini pepo na wala hazimwachi bila kumhoji, na kwa sababu hiyo zinabaki mwalimu bora wa namna ya kusoma fasihi ya ajabu kwa Kiswahili.

1990 hadi 2006: dunia baada ya maangamizi

Kilichoirudisha ajabu katika riwaya ni kuvunjika kwa matumaini. Katika miaka ya 1980 maduka yalikauka, Ujamaa ukalegea, masharti ya mikopo yakaingia, na juu ya yote mabomu ya nyuklia ya mataifa makubwa yalikuwa yakiuning'inilia ulimwengu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuwa amejenga jina lake kwa riwaya za uhalisia kama Rosa Mistika, alichapisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, visivyofika kurasa mia, na vigumu. Msimulizi wa Nagona anapita katika mandhari iliyotelekezwa, ambamo wanafalsafa wa Ulaya wanatokea kama watu wa njiani. Katika Mzingile dunia imeteketea, na maisha yanatafuta pa kuanzia upya. Wasomaji wengi walilalamika kwamba hawaelewi. Anayezisoma kwa mazoea ya ngano, akikubali kwamba mahali na wakati hubadilika bila kuomba ruhusa, huzielewa haraka kuliko anayedai sababu ya kila tukio.

Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa utawala wa Rais Moi, alitoa Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, amehukumiwa kifo, na namna ya kumuua ni kumfungia ndani ya chombo na kumrusha angani asirudi. Badala ya kufa anatua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Verne aliwaweka Waingereza ndani ya puto. Mkangi anamweka mfungwa wa Kiafrika ndani ya chombo, na mashine ya kunyongea inakuwa chombo cha safari. Kati ya riwaya zote za Kiswahili za kipindi hiki ndiyo iliyo karibu zaidi na riwaya ya kisayansi, ingawa mwandishi anajali zaidi jamii inayokutwa kule kuliko namna injini inavyofanya kazi.

Zikafuata Ziraili na Zirani ya William Mkufya mwaka 1999, inayopandisha ugomvi hadi mbinguni na kuzimu, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed wa Pemba mwaka 2001, ambamo kigogo wa serikali anatembelewa na babu yake aliyekufa, Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila mwaka 2002, na Dunia Yao ya Said Ahmed Mohamed mwaka 2006.

Upungufu wa sayansi katika orodha hii una sababu zake. Soko kubwa la riwaya ya Kiswahili ni shule, na mtihani humwuliza mwanafunzi dhamira na ujumbe. Riwaya ya fumbo inajibu swali hilo vizuri. Riwaya inayouliza maji ya bahari yakipanda mita moja visima vya Mafia vitakuwaje, au papa shilingi wa Kilindoni kisiwani humo wakifuatiliwa na mashine wavuvi watapata nini, haina pa kupewa alama. Aidha, mwanafunzi husoma sayansi ya sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo mwandishi anayetaka kuielezea roketi kwa Kiswahili analazimika kuunda nusu ya msamiati wake. Filamu ilijaribu mapema: Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, inaonyesha Afrika Mashariki iliyokauka baada ya vita vya maji, lakini jina lake ndilo la Kiswahili, mazungumzo ni ya Kiingereza.

Tangu 2010: tuzo na simu

Simu ilibadili njia ya vitabu kufika kisiwani. Kabla yake kila riwaya ilivuka kwa chombo cha baharini au ndege ndogo. Sasa waandishi wa Tanzania wanatoa simulizi sehemu kwa sehemu kupitia Facebook na vikundi vya WhatsApp, na msomaji wa Kilindoni anaipata saa ileile na msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam. Majini wanaopenda wanadamu, uchawi wa kurithi na safari za kuzimu ni mada zinazorudi tena na tena humo. Wahakiki wa vyuo vikuu huzipa simulizi hizi nafasi ndogo, na ni kosa, maana kuvunja sehemu mahali pa hofu na kumfanya msomaji asubiri kesho ni ufundi uleule wa Alfu Lela Ulela, nao unawavuta watu ambao hawajawahi kununua riwaya.

Vitabu vya karatasi navyo vilipata nguvu. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya ya Carroll, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, miaka 75 baada ya Elisi, safari hii ikiwa kazi ya mfasiri aliye mwenyeji wa lugha. Mwaka huohuo tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilitolewa kwa mara ya kwanza, na mwaka 2023 Tanzania ikatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo hizi hupokea miswada bila kudai kwamba iwe ya kufundishwa darasani, na hivyo zimempa mwandishi wa riwaya ya ajabu au ya kisayansi mlango ambao Mkangi na Kezilahabi hawakuwa nao.